Sio kila ua la njano ni dandelioni jamani, angalia kikonyo

Watu wakishajua unapenda mimea basi wanakutumia picha za maua ya njano ya kando ya barabara, na karibu zote zimepigwa kutokea juu, ua limejaa skrini nzima, halafu swali "hii ni dandelioni?" Sasa mi ntajuaje, maana kwa juu yote yanafanana!

Ushauri wangu, achana na ua kwanza, shika kikonyo. Dandelioni yenyewe (Taraxacum) kikonyo kimoja kinabeba ua moja tu, hakina tawi wala jani, na ukikikata ndani ni kitupu kama mrija, kinatoa utomvu mweupe. Huo utomvu peke yake usikudanganye, jamaa zake karibu wote wanao.

Inayochanganya watu zaidi ni Hypochaeris radicata, mmea mwingine wa maua ya njano, maana nayo majani yake yamelala chini kwa duara, ila kikonyo chake mara nyingi kinatoa matawi, ndani hakina uwazi ule, na majani yana vinyweleo, pitisha kidole utahisi. Ya dandelioni kwa kawaida ni laini na meno yake yameelekea nyuma, kule katikati ya mmea. Kwenye nyasi zinazofyekwa kila mara vikonyo vinakuwa vifupi hata matawi huyaoni, hapo tegemea hivyo vinyweleo tu.

Sonchus, jamaa mwingine wa maua ya njano, hata usijisumbue, inasimama wima, inaweza kukufika kiunoni, shina lina majani mpaka juu na maua kibao. Ukitaka kujua ni ipi, angalia pale jani linapokumbatia shina, Sonchus oleraceus masikio yake (vile vipande vya jani vinavyozunguka shina) yamechongoka, Sonchus asper yamejikunja mviringo na jani zima linachoma.

Kama ua katikati lina kitufe na petali zimezunguka pembeni hiyo ni mbali kabisa, dandelioni haina kitufe, kila unachoita petali ni ua dogo kamili lenye vimeno vitano nchani. Na hapa kuweni makini na Senecio, kundi la mimea yenye maua ya aina hiyo ya kitufe, nyingi zina sumu inayoharibu ini, kwa hiyo wale wa kuchuma mboga bila kuhakikisha, tafadhalini.

Ukishafika Taraxacum usihangaike kutafuta jina la pili, lile la spishi. Nyingi zinatoa mbegu bila kuchavushwa, mtoto anakuwa nakala ya mama, ndo maana wataalamu wamezigawa vijispishi mamia kwa mamia na bado wanabishana, waachie wenyewe.

Kwa hiyo ukinitumia picha, nipigie ua kwa nyuma yaonekane yale majani madogo ya kijani yanayolishika (kwa dandelioni ya kawaida, yale ya nje yamekunjwa kwenda chini), kikonyo kizima, na jani moja la chini pande zote mbili. Ile ya kutokea juu weka wallpaper.