Nilipoing'arisha Saa ya Baba

Baba aliniachia Omega Seamaster ya miaka ya 1960, nami haukupita mwezi nikawa nimeiharibu.

Sikuiangusha wala sikuitosa majini. Niliipeleka kwa fundi nikamwambia aifanye ing'ae kama mpya, naye akafanya kweli. Mikwaruzo yote ikaondoka, na bonyeo dogo la ubavuni likaondoka nayo. Bonyeo hilo lilipatikana usiku tulipokuwa tunaziba bomba la jikoni. Baba aliigonga saa kwenye spana, lawama zikanishukia mimi mshika tochi. Tangu hapo, akitaka kunichokoza, alikuwa akilipapasa kwa kidole gumba huku akinitupia jicho. Nililipa pesa ili lifutwe.

Baadaye nilimwonyesha mnunuzi wa saa za zamani, si kwa kuuza, nilitaka tu kujua inafikia kiasi gani. Aliigeuza mara mbili chini ya lenzi, akagusa pale mkanda unaposhikiliwa na kusema, "Hii imesuguliwa." Pembe zilizokuwa kali zilikuwa zimelainika kama sabuni iliyokwisha kutumika. Chuma kilicholiwa hakirudi, na wakusanyaji hulipia umbo lilivyotoka kiwandani, hata likiwa na mikwaruzo. Bei aliyoitaja ilikuwa chini sana ya niliyotarajia.

Mpaka siku hiyo nilidhani thamani ya moyoni ni jambo moja na thamani ya sokoni ni jingine. Tazama Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman, iliyouzwa mnadani New York mwezi Oktoba 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Ni saa ya chuma cha pua tu, ya aina ambayo ilipokuwa mpya dukani haikuwa ikigombaniwa. Ila mgongoni ina maneno aliyochongewa na mkewe, akimsihi aendeshe gari kwa uangalifu. Fundi wangu angepewa ile, sijui ingekuwaje!

Kwa hiyo ukinunua au ukirithi saa ya maana, ukiipeleka kwa fundi mwambie waziwazi asiisugue, na ikiwezekana mwandikie. Tunza risiti, hati ya dhamana, sanduku, hata vile vipingili vya mkanda vilivyotolewa ili ikukae mkononi. Saa iliyo na karatasi zake huuzika upesi na kwa bei nzuri zaidi.

Kuhusu faida, niseme ukweli hata kama utakukatisha tamaa. Saa nyingi za kifahari hushuka bei mara tu zinapotoka dukani. Zinazopanda ni chache, hasa aina fulani za Rolex, Patek Philippe na Audemars Piguet, na hizo kuzipata dukani ni kazi. Mwaka 2021 hadi mwanzoni mwa 2022 bei za mitumba zilipaa, watu wakanunua wakiamini hazitashuka kamwe. Zilishuka. Ndiyo maana mimi hununua iliyokwisha kuvaliwa, ambayo hasara ya kwanza amekwisha kuila mwingine, na sikopi hata senti. Saa ya mkopo hukukumbusha deni kila unapotazama saa ngapi.

Inayodumu kweli ni mashine yenyewe. Saa ya kamani, yaani inayoendeshwa na springi, haina betri wala programu ya kupitwa na wakati, na gurudumu likilika, fundi mzuri anaweza kulichonga jingine. Ila inataka matunzo. Saa nyingi za kisasa za aina hiyo hupiga mapigo 28,800 kwa saa moja, yaani zaidi ya milioni 250 kwa mwaka, kwa hiyo mafuta ndani hukauka na vyuma huanza kulana. Kila miaka mitano hivi, ifunguliwe na kusafishwa. Gharama hiyo iwemo kwenye hesabu zako tangu siku ya kununua. Na usiamini maneno ya kuzuia maji yaliyoandikwa kwenye saa kuukuu. Mipira yake huzeeka, ipimwe kwanza kabla hujaogelea nayo.

Halafu ivae. Nina rafiki ambaye yake haijawahi kutoka kwenye kasha, na ukimuuliza habari zake, atakutajia bei tu.

Siku hizi kila saa yangu ina daftari dogo ndani ya sanduku lake. Ikipata alama, naandika tarehe na mkosaji: mlango wa gari, binti yangu alikuwa na haraka. Kwenye sanduku la ile Seamaster nimeweka karatasi niliyochora ubavu wa saa, na alama ya mkasi pale bonyeo lilipokuwa.