Mbwa ana homa, nimpake mafuta ya mnanaa?
Usimpake, ndugu yangu wa Igoma, Mwanza. Mentholi iliyomo huamsha neva zinazohisi baridi tu: mwili hudhani umepoa, mishipa ya ngozi hubana, joto hubaki ndani na linaweza hata kupanda. Mafuta ya melaleuka (yale yaitwayo "tea tree") yasiyozimuliwa ni hatari zaidi, joto hushuka mno, miguu ya nyuma hulegea, anatetemeka. Paka ndiyo kabisa, ini lake halimudu kuyavunja.

Kama umeshapaka, mwoshe sasa hivi kwa sabuni ya maji ya vyombo na maji vuguvugu, si ya baridi ya ziwani. Mkaushe, mfunike. Kisha pima joto njia ya haja kubwa: kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2 za Selsiasi. Likishuka chini ya 37.5 au likipita 39.5, daktari wa mifugo leo leo, na mkague kupe masikioni, huenda ndio walioleta homa.