Uso wa bibi kwa rangi moja ya maji

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwezi ujao mama anatimiza miaka 60, na zawadi ninayotaka kumpa ni picha ya bibi, marehemu mama yake, niichore kwa rangi ya maji nyeusi peke yake. Naichora nikitazama picha yake ya zamani ya studio. Nimejaribu mara mbili. Mashavu yanatoka na madoa yenye kingo kama ramani, na sura haimfanani. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Madoa hayo yanaletwa na haraka. Rangi ikishaanza kukauka, ukairudia na brashi iliyojaa maji, maji mapya huzisukuma chembe za rangi hadi ukingoni na kuziacha hapo. Karatasi ikipoteza mng'ao wa maji, usiiguse tena. Baadaye ipime kwa mgongo wa kidole: ikiwa ya baridi, bado mbichi. Pwani wakati wa mvua utangoja sana, basi tumia draya ya nywele ukiishika mbali.

Karatasi nayo ina lawama yake. Ile ya kuchapishia hujikunja na maji hutuama kwenye mabonde. Tafuta ya rangi za maji, gramu 300 kwa mita ya mraba, ya pamba ukiweza.

Sasa kufanana. Ipige picha hiyo kwa simu, ikuze, kisha ifinyie macho. Kope zitapotea, vibaki vivuli: chini ya nyusi, ubavuni mwa pua, chini ya mdomo, chini ya kidevu. Chora maumbo ya vivuli hivyo kwa penseli nyepesi, kila kimoja mahali pake. Mtu tunamtambua kwa hivyo hata akiwa mbali, kabla hatujaziona kope.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Picha za zamani mara nyingi huufanya uso mweusi kuwa giza tupu, hasa akiwa amevaa nguo nyeupe. Usilinakili giza hilo. Weusi wa ngozi si kivuli. Una mng'ao wake kwenye paji la uso, mfupa wa shavu na ncha ya pua. Hapo iache karatasi ilivyo, maana nyeupe yako ni hiyo tu. Kama picha imemeza macho yake, tazama picha nyingine, au mtazame mama yako mwenyewe.

Nyeusi ningeibadilisha kwa sepia, ile kahawia iliyokolea. Ikizimuliwa hubaki na joto la mwili. Kwanza jaza rangi visanduku vitano vidogo pembeni mwa karatasi, kuanzia wepesi wa chai ya rangi hadi uzito wa uji, na ukumbuke kwamba ikikauka hupauka. Usoni anza na ile chai, ngoja ikauke, kisha koleza tabaka kwa tabaka. Mboni za macho ziwe za mwisho.

Kwenye fremu, weka kadibodi yenye dirisha ili kioo kisigusane na karatasi. Unyevu ukinaswa kati yake, ukungu huota, na utaanzia usoni mwa bibi.