Huyo ndege wa Ginger Riley

Mkuu, umeuliza kwa nini mchoraji wa Australia Ginger Riley Munduwalawala alimrudia ndege yuleyule picha baada ya picha. Si pambo hilo. Ni Ngak Ngak, tai wa baharini mwenye kifua cheupe (ndugu wa furukombe wetu huyu), na kwa Wamarra, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Australia, ndiye mlinzi wa nchi. Mwangalie vizuri: kasimama pembeni, mara nyingine kawazidi kimo hata vilima vya Four Archers, jicho kodo. Riley alianza kuchora ukubwani, miaka ya 1980 huko Ngukurr, na alichokuwa anachora hasa ni nchi ya mama yake, kando ya mto Limmen Bight. Na zile rangi kali, waridi kwa kijani! Wanaotarajia rangi za udongo tu katika sanaa ya wenyeji hao huwa zinawachanganya.