Nizime transponda ya ndege yangu?

SWALI: Shikamoo mzee. Nina Cessna ya viti sita, inalala uwanja wa ndege hapa Dodoma. Juzi mshindani wangu wa biashara alinipigia: "Naona umetua Iringa saa nne na robo." Kaiona kwenye programu ya simu! Mke wangu hana raha, maana kila mtu anajua lini sipo nyumbani. Nimwambie rubani azime transponda, kile chombo kinachotangaza ndege ilipo?
Mwenye ndege, Area D

JIBU: Marahaba mwanangu. Hofu ya mkeo ni ya haki kabisa. Ila nakusihi, usizime.

Niliongoza ndege kutoka mnarani miaka mingi, kabla vifaa hivi havijatufikia. Januari moja nilikuwa nangoja ndege ndogo kutoka kusini. Kijikaratasi chake kilikuwa mbele yangu, saa ya kufika nimeiandika kwa penseli: tisa na dakika 40. Ikapita. Naita redioni, kimya. Upande wa Mtera wingu jeusi limeshuka hadi chini. Kanuni inataka dakika 30 bila neno ndipo tutangaze wasiwasi, na dakika zile sizisahau. Kumbe redio ilikufa, rubani akatua kwenye kiwanja cha vumbi. Tulihangaika mpaka magharibi kwa kutojua tu pa kutazama.

Isitoshe, ndege kubwa ina chombo cha kumwonya rubani asigongane na mwenzake. Chombo hicho husikiliza transponda. Ukizima, kwake haupo.

Sasa, ndege yako hairushi jina lako. Inarusha mahali ilipo na namba yake, kwenye megahezi 1090, bila fumbo, na yeyote mwenye antena darini anainasa. Jina huongezwa na watu. Hapo ndipo pa kupigania. Marekani, sheria ya 2024 inamruhusu mwenye ndege binafsi kuomba jina na anwani yake viondolewe kwenye daftari la wazi. Wewe iandikie kampuni ya programu hiyo iifiche ndege yako; baadhi yao hukubali. Taja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika nchini tangu Mei 2023. Sikudanganyi: wenye antena zao wataendelea kuinasa, na mji wetu huu hata wapakia mizigo wanajua ndege ya nani. Kwa hiyo nyumbani weka mlinzi.

Na kila safari mwachie mkeo saa ya kufika, imeandikwa, pamoja na namba ya mnara. Zikipita dakika 30 hujampigia, apige.