Waziri ameamuru, ameagiza au ameelekeza?

Msomaji wa Nakuru ananiuliza: "Mwalimu, waziri wa usalama akiongelea polisi, leo wanaandika ametoa amri, kesho agizo, keshokutwa maelekezo. Ni kitu kimoja ama?"

Si kitu kimoja ndugu yangu. Amri tumeitoa kwa Waarabu, na amiri, yule wa Amiri Jeshi Mkuu, katoka tumbo hilohilo, kwa hiyo amri ina bunduki nyuma yake. Agizo ni pole kidogo, unaagiza chipsi mayai na mhudumu anakujibu mayai yameisha, hakuna anayefungwa. Kuelekeza ni kumwonyesha mtu njia, kutembea anatembea mwenyewe. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 245, inataka hilo la tatu: waziri anaweza kumwelekeza Inspekta Jenerali mambo ya sera, tena kwa maandishi, lakini nani akamatwe, kosa gani lichunguzwe, askari gani apandishwe cheo, hapo waziri hana neno. Yaani waziri anaelekeza, Inspekta Jenerali ndo anaamuru.

Hilo limeisha, sasa niacheni niseme kinachoniwasha kweli, maana mnahangaika na nomino wakati ugonjwa uko kwenye kitenzi. Ni hiyo "apigwe". Julai 2025 Rais Ruto alisema anayechoma biashara ya mwenzake kwenye maandamano apigwe risasi ya mguu, aende hospitali, halafu kortini. Sasa angalia hapo nani anafanya kazi. Hakuna! Risasi inatoka, mguu unaipokea, katikati hapana mtu. Na Watanzania msicheke, yenu mnayo, Juni 2013 Waziri Mkuu Pinda alisimama bungeni akasema wanaokaidi polisi "wapigwe tu", Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Tanganyika Law Society wakampeleka Mahakama Kuu, mwaka uliofuata kesi ikatupwa kwa kuwa walalamikaji hawakuwa na haki ya kuifungua. Mawakili walivutana weee kuhusu kinga ya bunge, mimi nilikuwa nasubiri mtu aulize swali la darasa la tano tu: wapigwe na nani?

Na hiyo "tu" jamani! "Tu" ni neno la kupunguza, soda tu, mia tano tu, nilikuwa napita tu. Ukiibandika kwenye kipigo unakifanya kiwe kama kitu cha kuonja chumvi.

Jaribuni nyumbani muone. Juzi nimejilaza kwenye kochi nikatangaza "vyombo vioshwe", nikapitiwa na usingizi, kuamka saa kumi na moja vyombo viko vilevile na nzi wake. Kumuuliza kijana wangu, hajainua hata macho kwenye simu: "Baba hukutaja mtu." Nikakosa la kusema, maana sarufi iko upande wake. Ila askari wa chini pale kituoni hana ubavu wa kujibu hivyo, yeye akisikia "apigwe" anaimalizia sentensi mwenyewe kwa jina lake, halafu siku mambo yakiharibika mkubwa anasema mimi sikumtuma mtu. Na kisarufi kweli hakumtuma mtu! Ndo utamu wa kauli ya kutendwa, ndo maana wanaipenda: wakamatwe, achunguzwe, hatua zichukuliwe.

Sisemi tuifute, tukiifuta hata kuzaliwa hatutazaliwa. Nimeshazeeka nayo, nitaisikia jioni kwenye taarifa ya habari na nitakunywa chai yangu. Ila wewe wa Nakuru, kama una rafiki mhariri mwambie kichwa cha "Waziri aamuru polisi" akipige wino, aandike "Waziri ataka". Ndicho kilichotokea, na kina herufi chache zaidi.