Upepo wa Tairi: Nifuate Namba Ipi?

SWALI: Matairi mawili ya mbele ya gari langu yamelika pembeni, kulia na kushoto, ilhali katikati kashata (mpira wenye mifereji unaokanyaga barabara) bado ni nzima. Ubavuni mwa tairi pameandikwa paundi 44, na anayenijazia upepo hunishauri nifuate namba hiyo. Mimi huiona kubwa mno, kwa hiyo huwa najaza 32, na kila nimalizapo safari ndefu nikakuta geji imepanda, huupunguza upepo hadi urudi palepale. Je, nani kati yetu anakosea?

JIBU: Mnakosea wote wawili, Ndugu msomaji, ingawa kosa lililoyala matairi yako ni lako.

Tairi linapozunguka hujikunja na kujikunjua bila kukoma, hivyo hupata joto, na hewa iliyofungiwa ndani huongeza msukumo kwa takriban paundi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi. Tairi lililosoma 32 asubuhi linaweza kusoma 36 ufikapo, na hali hiyo ni ya kawaida kabisa. Ukiupunguza upepo wakati huo, kesho yake tairi likiwa limepoa litasoma 28, nawe utaondoka nalo hivyo hivyo. Likiwa na upepo pungufu hubonyea katikati na kubeba uzito wote kwa kingo zake mbili, ndiyo maana zimelika. Isitoshe, ubavu hukunjika kupita kiasi, joto huzidi, na gari likiwa na mzigo na mwendo mkali tairi huweza kupasuka. (Lingelika ukingo mmoja tu, ningekuambia ukapimishe mnyooko wa magurudumu.)

Namba 44 ni kikomo cha tairi lenyewe, kwani aliyelitengeneza hakujua litafungwa kwenye gari gani. Ukilijaza kiasi hicho bila sababu, litakanyaga barabara kwa sehemu ya katikati tu, na breki zitachelewa kulishika gari. Namba yako imo kwenye kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, au nyuma ya kifuniko cha tangi la mafuta. Kisome kwa makini, kwa sababu mara nyingi huwa na kipimo cha gari tupu na cha gari lililojaa, na matairi ya mbele huweza kutofautiana na ya nyuma.

Pima asubuhi kabla ya kuondoka, au baada ya gari kupumzika saa 3, angalau mara moja kwa mwezi, na tairi la akiba usilisahau. Nunua geji yako mwenyewe. Kulipiga tairi teke, mtindo wa madereva wengi, hakukuambii lolote.

Matairi yako hayo mawili ya mbele hayatarudia hali yake. Pima kina cha kashata kwenye kingo, si katikati. Kikiwa chini ya milimita 1.6, yabadilishe yote mawili kwa pamoja.